Kaburi la Columbus: Seville au Santo Domingo?
Ndugu, umeuliza kama kaburi la baharia Christopher Columbus ndani ya kanisa kuu la Seville, Hispania, lina mtu kweli, maana Santo Domingo, mji mkuu wa Jamhuri ya Dominika huko Karibi, nao wanadai wanaye. Lina mifupa yake, ila si yote.

Alifariki Valladolid, Hispania, mwaka 1506 na toka hapo hakutulia. Alipelekwa Seville, kisha akavushwa bahari hadi Santo Domingo. Mwaka 1795, Hispania ilipowaachia Wafaransa sehemu yake ya kisiwa cha Hispaniola, ulipo mji huo, ikahamishia mifupa Havana, Kuba. 1898 ilipopoteza Kuba, ikairudisha Seville. Sasa, mwaka 1877 mafundi wa kanisa la Santo Domingo walikuta sanduku la madini ya risasi lenye jina lake, na mifupa ndani. Ndipo ubishi ulipoanza. Vipimo vya DNA vya mifupa ya Seville vimelingana na vya mdogo wake, Diego, lakini iliyomo ni kama gramu 150 tu. Kwa hiyo nyingine yaweza kabisa kuwa ng'ambo.

Ukifika, tazama jeneza lilivyobebwa mabegani na sanamu nne, kila moja ikisimama kwa ufalme wake: Castilla, León, Aragón na Navarra. Halafu usiondoke bila kupanda Giralda, mnara wa kengele uliokuwa wa msikiti. Karibu safari yote ya kupanda hakuna ngazi, ni njia ya mwinuko, ili mwadhini apande akiwa juu ya mnyama. Kwangu mimi, huo mnara unalishinda hata kaburi.