Kwenye mataa, amua kabla taa haijabadilika

Umeeleza kwamba una leseni mpya, barabara iliyonyooka haikusumbui, ila ukikaribia mataa moyo unakwenda mbio, njano ikiwaka hujui usimame au upite, na walio nyuma wameshaanza kukupigia honi. Nimeendesha magari ya kazini miaka mingi, na madereva wapya wengi nimekaa nao kiti cha pembeni wakijifunza. Hofu hiyo naijua. Mara nyingi inaanzia hapa: dereva anangoja taa ibadilike ndipo aanze kufikiri.

Tupige hesabu kidogo. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, gari linakula karibu mita 17 kila sekunde. Aliyeshtushwa na njano huchukua kama sekunde moja hadi moja na nusu mpaka mguu ufike kwenye breki, na muda huo gari bado lina mwendo uleule, kwa hiyo mita 17 hadi 25 zimeshakwenda. Juu yake weka mita kama 20 za breki ya nguvu, lami ikiwa kavu na matairi mazuri. Mvua ikinyesha zinaongezeka. Njano yenyewe sehemu nyingi hukaa sekunde 3 hadi 5 tu. Ukimaliza mbili kati ya hizo ukijiuliza, unajikuta umekaribia mno kusimama vizuri na bado uko mbali kuvuka kabla ya nyekundu. Ajali nyingi za kugongwa nyuma kwenye mataa zinazaliwa hapo: wa mbele anabadili mawazo na kukanyaga breki ghafla, wa nyuma alishaamini kwamba wote wanapita.

Kwa hiyo jiwekee mpaka. Ukiwa bado mbali, chagua kitu pembeni ya barabara, nguzo au bango, ambacho ukikipita huwezi tena kusimama bila kufunga breki za ghafla. Njano ikiwaka hujakifikia, unasimama. Ikiwaka umeshakipita, unaendelea kwa mwendo wako bila kusita na bila kukanyaga mafuta zaidi. Ukishaizoea, njano haikushtui tena kwa sababu jibu unalo tayari. Na mpaka huo unasogea kulingana na mwendo. Ukishuka kutoka 60 hadi 40, umbali wa breki peke yake unapungua zaidi ya nusu, ndiyo maana nasisitiza kuachia mafuta mapema unapoyaona makutano, hata kama taa ni ya kijani.

Tofautisha pia kijani uliyoiona ikiwaka na kijani uliyoikuta. Uliyoikuta hujui imekaa muda gani, basi ichukulie kama iko karibu kuondoka. Angalia taa ya waenda kwa miguu wanaovuka upande uleule unaokwenda wewe. Ikianza kuwaka na kuzimika, mara nyingi na yako haitachelewa kugeuka. Hapo hapo tupia jicho kioo cha ndani. Kama kuna lori limekuganda nyuma, gusa breki kidogo mapema taa zako za nyuma zimuonye, kwa sababu gari lenye mzigo halisimami kama lako.

Sasa kijani inapowaka wewe ukiwa wa kwanza kwenye mstari. Hapa ndipo ninapokuwa mkali kwa kila ninayemfundisha. Kijani inakupa ruhusa ya kuingia makutano yakiwa salama, haikuhakikishii kwamba yako salama. Tazama pande zote mbili, kisha ondoka. Niliwahi kusimama kando ya basi lililoniziba upande mzima. Kijani ikawaka, basi halikusogea, nami nikatulia. Nyuma yangu honi zikalia. Mara pikapu ikakatiza mbele yetu kwa kasi, ikiwa imepita nyekundu ya upande wake. Dereva wa basi alikuwa amekaa juu, aliiona. Tangu siku hiyo hilo ni somo langu la lazima: gari kubwa likikuziba, usilitangulie kuingia makutano, kwa kuwa dereva wake huenda anaona usichokiona. Honi ya nyuma haijui kilichoko mbele, iache ilie.

Na waenda kwa miguu, tafadhali. Mzee au mama mwenye mtoto mgongoni anaweza kuanza kuvuka kihalali, taa ikabadilika akiwa katikati. Msubiri afike. Usimsukume kwa kunguruma injini, unamfanya akimbie bila kutazama njia inayofuata. Kabla ya kuondoka tazama na vioo vya pembeni, pikipiki hupenyeza kati ya magari wakati wa nyekundu na nyingine huishia ubavuni pako pasipoonekana vizuri.

Ukiwa umesimama, acha nafasi ya kuona matairi ya nyuma ya gari la mbele yakigusa lami. Likizimika, unaweza kulikwepa. Ukisubiri kukata kona kukatiza njia ya wanaokuja, acha matairi yako yanyooke mpaka nafasi ipatikane. Ukigongwa nyuma yakiwa yamekunjwa, unasukumwa moja kwa moja mbele yao. Simu isiguswe, hata kwa ujumbe mfupi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, walionyesha mwaka 2015 kwamba dereva akimaliza kutoa amri kwa sauti kwenye simu au mitambo ya gari, akili yake inaweza kubaki imegawanyika hadi sekunde 27. Kijani itawaka ndani ya muda huo.

Taa zikizimika kabisa, punguza mwendo na ingia kana kwamba hakuna aliyekuona. Askari akiwepo, fuata mkono wake, taa zisahau.

Kuhusu mazoezi, anza ukiwa abiria. Kila mnapokaribia mataa, chagua mpaka wako kimyakimya, useme moyoni "nasimama" au "napita", halafu uone njano ikiwaka ungekuwa wapi. Ukishaweza kufanya hivyo bila kufikiri sana, rudia ukiwa kwenye usukani saa ambayo magari ni machache.