Nyota ya vyelewa na gundi iliyoiva

Swali lenu la wiki hii lilikuwa: je, nyumba inaweza kupambwa kwa Krismasi na Mwaka Mpya bila kununua mapambo ya dukani, na mapambo hayo yakafika Januari yakiwa mazima? Sehemu ya kwanza ya swali haina ubishi. Vifaa viko jikoni, viko kwa fundi cherehani, viko chini ya mnazi. Sehemu ya pili ndiyo inayowashinda watu, hasa sisi wa mwambao. Desemba mvua za vuli hazijakatika vizuri, kaskazi imeshaanza, na karatasi iliyotundikwa asubuhi ikiwa imekakamaa, ikifika magharibi imelegea na kuning'inia upande. Ukiyachunguza mapambo yaliyoanguka utakuta mojawapo ya mambo mawili: gundi haikuiva, au kiunzi hakikufungwa sawasawa.

Nianze na gundi. Kipimo ni kikombe 1 cha unga wa ngano kwa vikombe 5 vya maji. Kikombe 1 cha maji kiwe baridi. Kikoroge na unga mpaka madonge yaishe kabisa, maana donge lililoingia kwenye maji ya moto halivunjiki tena. Vikombe 4 vilivyobaki vibandike jikoni. Maji yakitokota punguza moto, mimina mchanganyiko taratibu huku ukikoroga, kisha endelea kukoroga dakika 4 au 5. Angalia rangi. Gundi mbichi ni nyeupe kama maziwa. Iliyoiva hupoteza weupe, ikawa ya kijivujivu yenye kung'aa, na ukiinua mwiko inateremka kwa mfululizo bila kukatika. Wengi huiepua mapema kwa kuona imeshakuwa nzito. Uzito si kuiva. Gundi ya namna hiyo ikikauka hupukutika kama chokaa ya ukutani, na pambo linaachia usiku wa pili.

Iache ipoe kabisa kabla ya kuitumia, kwa sababu ikiwa ya moto hulowesha karatasi kuliko inavyoishika. Tena unga ni chakula, kwa hiyo mende, panya na ukungu wote wanausubiri. Weka kijiko 1 cha chai cha shabu iliyosagwa wakati gundi bado iko motoni, au matone 5 ya mafuta ya karafuu ikishapoa. Shabu huifanya karatasi iwe ya njano baada ya muda mrefu, ila kwa pambo la mwezi mmoja hilo halina neno. Bila hivyo gundi huanza kuchacha siku ya pili. Ikishatoa harufu ya togwa imwage, usiipashe moto.

Sasa nyota, ambayo kwa maoni yangu ndiyo pambo moja linalostahili kazi ya siku nzima. Ninayoieleza ina ncha tano, imetuna mbele na nyuma, na inawaka taa kwa ndani. Unahitaji vyelewa 20 vilivyonyooka (zile njiti za katikati ya majani ya mnazi, za kufagilia), uzi wa pamba, na karatasi 2 za shashi nyeupe za sentimita 50 kwa 70 (nunua 3, moja itachanika). Bara, pasipo minazi, fito za mianzi zilizochanwa upana wa milimita 6 hadi 8 zinafaa vilevile, na hizo utahitaji 10 tu.

Chelewa kina kasoro moja: kinaanza kinene upande wa shina na kuishia chembamba kama uzi. Watoto wanaounda tiara wanalijua hili, fito ikiwa nzito upande mmoja tiara haipandi, inazunguka. Dawa yake ni kulaza vyelewa viwili pamoja, upande mnene wa kimoja ukikabili upande mwembamba wa kingine, kisha kuvifunga uzi kila baada ya sm 10. Vikate vyote viwe sm 60 kamili. Vyelewa 20 vitakupa fito 10 zenye unene ulio sawa kutoka mwanzo hadi mwisho. Vyelewa vibichi vianikwe kivulini siku 4 au 5 kwanza. Ukivifunga vikiwa vibichi vitasinyaa vikiwa ndani ya fundo, na fundo lote litalegea. Vile vya fagio la zamani vimekauka kupita kiasi na huvunjika, basi viloweke saa moja.

Usiikadirie nyota kwa macho. Chora sakafuni kwa chaki na uzi duara lenye nusu kipenyo cha sm 31.5. Juu ya duara weka alama tano, kila moja ikiwa umbali wa sm 37 kutoka kwa jirani yake, ukipima kwa mstari ulionyooka. Sasa laza fito kutoka alama moja hadi nyingine ukiruka moja katikati, mpaka fito zote 5 zimelala. Kila fito itakatana na nyingine mahali pawili, na makutano hayo yatakuwa sm 23 kutoka kila mwisho, yakiacha sm 14 katikati. Kama kipimo hakiji hivyo, kuna alama umeikosea. Isahihishe kabla ya kufunga. Zipitishe fito juu na chini kwa zamu kama msuko wa mkeka. Zikipishana hivyo zinajikaza zenyewe, na uzi unabaki na kazi ndogo. Funga ncha 5, kisha makutano 5. Tengeneza kiunzi cha pili juu ya mchoro uleule.

Viweke viunzi viwili kimoja juu ya kingine na ufunge ncha kwa ncha. Kisha chukua vipande 5 vya sm 10, ambavyo utavipata kwenye mabaki ya upande mnene. Vichonge mkato mdogo kila mwisho na uvisimamishe kwenye makutano ya ndani ili viunzi vitanuke. Hapa ndipo nyota nyingi hupinda. Mtu anaanza vijiti vya upande mmoja mpaka avimalize, fito za upande ule zinavutika, na za upande wa pili zinakosa mvuto. Weka kijiti kimoja, ruka kimoja, kama fundi anavyokaza nati za gurudumu. Kila kijiti kikikaa, kifunge uzi juu na chini, la sivyo kitachomoka siku ya upepo.

Karatasi ya kufunika ina maumbo matatu: pembetatu 10 zenye pande mbili za sm 23 na kitako cha sm 14, za mbele na nyuma ya ncha, pembetatu nyembamba 9 zenye pande za sm 23 na kitako cha sm 10, za ubavuni, na pembetano 2 zenye pande za sm 14 kwa ajili ya katikati. Ubavu una nafasi 10, lakini moja ya chini inabaki wazi kwa kuingizia taa. Kila kipande kiongezee sm 1.5 pembeni ya kukunja. Pembetatu zikipangwa moja juu moja chini, 10 zile pana zinatoka kwenye karatasi moja na nafasi inabaki. Za ubavuni na pembetano zinatoka kwenye ya pili.

Gundi ipakwe kwenye fito. Ukiipaka kwenye shashi, karatasi inalowa na kuchanika mkononi. Anza na mbavu, halafu pembetano, malizia na pembetatu pana, ili kingo za mbele zifunike maungio yote. Ikikauka utaona karatasi imelegea kidogo na ina mikunjo. Usivute. Chovya vidole kwenye maji safi, irashie matone membamba kwa umbali, iache kivulini. Shashi ikikauka mara ya pili inajivuta na kuwa ngumu kama ngozi ya ngoma. Hii ni sababu mojawapo ya kusisitiza nyeupe: shashi ya rangi na ile karatasi ya mikunjomikunjo huchuja zikiguswa na maji, hata na unyevu wa hewa tu, na doa jekundu kwenye ukuta uliopakwa chokaa halitoki. Anayetaka rangi aipate kwenye balbu.

Na balbu yenyewe iwe ya LED, wati 3 hadi 5, au zile taa za betri za uzi mwembamba. Balbu za zamani za wati 40 au 60 zinatoa joto la kuunguza karatasi iliyo karibu. Mshumaa usitajwe kabisa ndani ya nyota. Mwenye kutaka mshumaa achukue kifuu cha nazi, akijaze mchanga nusu, ausimamishe humo na auweke sakafuni mbali na mapazia. Nyota itundike kwa nyuzi mbili kutoka ncha mbili za juu, pamoja na moja inayoishikilia kwa chini. Uzi mmoja unaiacha izunguke, na kaskazi ya barazani itaizungusha mpaka uzi ukatike.

Minyororo ya karatasi haihitaji maelezo marefu, kila aliyesoma chekechea anaijua. Kalenda ya mwaka unaokwisha inatosha. Kata vipande vya sm 3 kwa 20, pishanisha sm 2 za gundi, na utapata pete 17 au 18 kwa kila mita. Karatasi ya kalenda inayong'aa inakataa gundi ya unga upande wa picha, kwa hiyo kwaruza mahali pa kupishanisha kwa sandipepa laini au ukingo wa kisu. Jambo ambalo watu hawafanyi ni kupitisha uzi ndani ya pete zote kabla ya kutundika. Uzi ndio ubebe uzito. Pete moja ikiachia, mnyororo unabaki juu.

Zamani wengine walisuka mapambo kwa vipande vya mifuko ya plastiki. Tangu ipigwe marufuku, Kenya mwaka 2017 na Tanzania 2019, kazi hiyo imerudi kwa vitambaa, na kwa uzuri tu ni afadhali. Fundi cherehani ana gunia la vipande vya vitenge na kanga ambavyo havimfai tena. Mwombe kwa adabu, na ukimkuta na mkasi wa meno, mwombe akukatie kabisa. Pembetatu ya kitako cha sm 15 na urefu wa sm 20 inapendeza, ukiongeza sm 3 juu za kukunjia kamba. Pembetatu 15 zikiachiana sm 5 zinajaza karibu mita 3, hivyo kamba iwe mita 3.6 ili zibaki sm 30 kila upande za kufungia. Asiye na cherehani atumie wanga wa muhogo, vijiko 2 vya chakula kwa nusu lita ya maji, upikwe mpaka uwe angavu. Chovya kitambaa, kamua, kinyooshe juu ya meza, kikate kikishakauka. Kitambaa chenye wanga hakichanui nyuzi pembeni, na kinasimama wima badala ya kujikunja. Pale kwenye kamba kibandike kwa wanga uleule ukiwa mzito zaidi. Vitambaa hivi vikivuliwa na kuhifadhiwa vinafaa pia kwa Idi, kwa arusi, kwa lolote.

Kuhusu mti: mwambao tunatumia tawi la mvinje, nyanda za juu watu wana saipresi. Mvinje ni mzuri siku za kwanza, lakini hukauka na kupukutisha haraka, na ukikauka ni kuni zinazowaka vikali, kama wapishi wanavyojua. Kwa hiyo usilikate tarehe 10. Likate tarehe 22 au 23, jioni jua likishapungua, kisha likifika nyumbani punguza tena sm 3 za kitako na ulitie majini hapohapo. Ndoo ya lita 10 yenye mawe chini na mchanga uliolowa juu inashikilia tawi la mita 1.5. Refu kuliko hapo litamwangukia mtoto. Ongeza maji kila asubuhi. Taa ziwe za LED pekee, na zizimwe watu wakienda kulala. Pamba ya dukani inayotandazwa juu ya matawi ili iwe theluji, mimi siipendi: theluji Tanga mwezi wa Desemba ni kichekesho, inanyonya unyevu, inakusanya vumbi, na ikishika moto haizimiki kwa urahisi. Maua mekundu ya mkrismasi, ambayo msimu huo yamejaa njiani, yanapendeza zaidi kwenye chupa ya maji mezani, ingawa yatabadilishwa kila baada ya siku moja au mbili.

Baada ya tarehe 6 Januari vua vyote siku moja. Mti utoke kwanza, usiachwe kukaukia sebuleni. Nyota usiitupe: chana karatasi yote, futa gundi iliyoshika kwenye fito kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, maana mabaki ya gundi ndiyo yanayoita mende na panya, anika kiunzi siku moja, kisha kitundike darini juu ya jiko la kuni kama unalo, moshi unafukuza wadudu. Mwakani utanunua shashi na uzi tu.