Maswali Yenu: Meseji za Usiku, Kimya cha Kwenye Makundi na Machozi kwa Msanii

Barua za mara hii ni fupi, na karibu zote zimeandikwa na watu wanaohofia kwamba wakikaa kimya wataonekana wabaya. Nianze na ile iliyonigusa zaidi.

Bosi wetu hutuma kazi kwenye kundi la WhatsApp saa nne usiku, na asubuhi huuliza nani aliona akanyamaza. Ni lazima nijibu usiku?

Kama kazi yako si ya zamu wala ya dharura, hulazimiki. Najua kinachokubana, ni zile tiki za bluu. Mkiwa wawili unaweza kuzizima, lakini kwenye kundi hazizimiki: aliyetuma akiangalia taarifa za ujumbe wake anawaona wote waliousoma. Kwa hiyo dawa ya kwanza ni kutolifungua kundi. Linyamazishe ukitoka kazini. WhatsApp yenyewe inakupa chaguo la muda wa saa 8, na hizo zinatosha kuivuka saa nne ya usiku.

Ugomvi huu ni wa zamani kuliko simu. Mkataba wa kwanza kabisa wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1919, ulihusu saa za kazi viwandani: 8 kwa siku, 48 kwa wiki. Wafanyakazi wa wakati ule walikuwa na nafuu moja: lango la kiwanda likifungwa nyuma yao, kazi ilibaki ndani. Sisi tunalala na lango chini ya mto. Ndiyo maana tangu Januari 2017 sheria ya Ufaransa inazitaka kampuni zenye wafanyakazi 50 au zaidi zijadiliane nao kuhusu haki ya kutopatikana kwa simu wala meseji baada ya kazi. Mwaka 2024 Australia nayo iliwapa wafanyakazi haki ya kutosoma wala kujibu meseji nje ya saa zao, mradi kukataa huko kusiwe kwa ukaidi usio na sababu.

Pengine kwenu hakuna sheria ya namna hiyo. Hata hivyo, usibishane na bosi mbele ya kundi. Mfuate faraghani, umwambie: "Bosi, ukituma usiku nitaishughulikia nikifika asubuhi. Likiwapo jambo lisiloweza kusubiri, nipigie simu." Wakubwa wengi hutuma usiku ili wasisahau, wala hawakutarajia jibu. Wa kwako anayeuliza "nani aliona" anakosea, nalisema bila kuzunguka, kwa sababu anawafundisha watu wazima kulala wakiwa wameshika simu. Akiuliza, mjibu kwa utulivu: "Nimeiona asubuhi hii, naanza nayo sasa."

Nina miaka mitatu kwenye kundi la mtandaoni la watu wa fani yangu. Nasoma kila kitu, sijawahi kuandika neno. Juzi admini ametishia kuwaondoa wasiochangia. Mimi ni mnyonyaji?

Hapana. Mwaka 2006 Jakob Nielsen, mtaalamu wa jinsi watu wanavyotumia tovuti, alieleza kanuni ya makadirio ambayo kila admini angefaa kuijua: katika jumuiya nyingi za mtandaoni, asilimia 90 husoma tu, asilimia 9 huchangia mara mojamoja, na asilimia 1 ndiyo huandika sehemu kubwa ya yote. Admini wenu akiwafukuza wasomaji atabaki na wasemaji wasio na wa kuwasikiliza, na nao hawatakaa.

Lakini deni moja unalo. Ndani ya miaka hiyo mitatu hakika umewahi kuchukua ushauri wa mtu ukaenda kuujaribu. Rudi umwambie ulikufaa, au ulikugomea wapi. Aliyeandika hana njia nyingine ya kujua, na atakayeuliza swali hilohilo mwakani ataokolewa na mistari yako miwili. Kimya kingi kina mshindo mkuu, walisema wazee. Nawe una miaka mitatu ya mshindo ndani.

Mwenzangu ofisini amenisimulia mwisho wa tamthilia niliyokuwa nikiifuatilia. Nimemnunia wiki nzima. Nimezidisha?

Wiki ni ndefu, siku moja ingetosha. Mwaka 2011 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, Jonathan Leavitt na Nicholas Christenfeld, waliwapa watu hadithi fupi wasome, na kwa jumla waliodokezewa mwisho mapema walizifurahia zaidi. Hata hivyo, sidhani utafiti huo unamsafisha mwenzako. Hadithi fupi unaimaliza kwa kikao kimoja, ila tamthilia unakaa nayo wiki nyingi ukikisia, na ni kukisia huko alikokunyang'anya. Mwambie hivyo, kisha msalimie.

Wazo langu limewasilishwa kikaoni na mtu mwingine kama lake. Nilinyamaza. Nifanye nini sasa?

Andika leo, usingoje kesho. Watumie waliokuwa kikaoni barua pepe fupi: "Kuhusu wazo nililomshirikisha mwenzetu wiki iliyopita, naambatanisha maelezo zaidi." Usimwite mwizi, tarehe itazungumza. Mimi niliwahi kunyamaza katika jambo kama hilo, na kinyongo nilichobeba kilinichosha kuliko ambavyo barua ile ingenichosha.

Bosi ameniomba urafiki Facebook. Nikikataa atajua?

Facebook haimtumii taarifa kwamba umekataa. Akikuuliza, mwambie ukurasa ule umeuweka kwa ajili ya ndugu na marafiki wa siku nyingi.

Msanii niliyempenda tangu nikiwa msichana amefariki. Nimelia siku tatu. Mume wangu anasema namlilia mtu ambaye hakuwahi kujua kama nipo.

Pole sana, dada yangu. Jambo hili lina miaka mingi kwenye vitabu vya wasomi: mwaka 1956 Donald Horton na R. Richard Wohl waliandika kuhusu ukaribu ambao wasikilizaji na watazamaji hujenga na watu wa redioni na kwenye televisheni, ukaribu wa upande mmoja. Kwa hiyo mumeo ana haki katika hilo moja, kwamba hakukujua. Lakini sauti ile ilikuwa nawe kweli. Ulikuwa ukiisikiliza ukisomea mitihani, ukipendwa, ukiachwa, ukianza kazi. Aliyeondoka ni shahidi wa ujana wako, na mtu wa namna hiyo analiliwa.

Mchagulie mumeo wimbo mmoja tu, mkae, umwambie ulikuwa wapi mara ya kwanza ulipousikia na ulikuwa nani wakati huo. Huenda hajawahi kuisikia habari hiyo. Na kwenye kurasa za mashabiki, wapite wanaobishana kuhusu chanzo cha kifo, usome wanaotaja wimbo na mwaka. Ukiwa tayari, andika wa kwako.