Faiba na maji katika mtaro mmoja

Ndugu muulizaji, umeuliza kama halmashauri yenu, inayojiandaa kubadilisha mabomba ya maji, isubiri kwanza fedha za intaneti ya kasi ndipo ichimbe. Nashauri msisubiri, kwa sababu sehemu kubwa ya gharama ya kulaza faiba, yaani nyuzi za kioo zinazopitisha intaneti, huwa ni kuchimba na kurudishia barabara, wala si faiba yenyewe. Hivyo lazeni sasa mabomba matupu ya plastiki sambamba na la maji, yakiachiwa nafasi ya kutosha ili fundi anayeziba uvujaji asiyapasue kwa sururu, na faiba ipitishwe baadaye. Mabomba hayo yabaki mali ya halmashauri, iyakodishe kwa kampuni zaidi ya moja. Ninalolisisitiza kuliko yote ni kumbukumbu: kabla mtaro haujafukiwa, mkandarasi apime na kuchora kwenye ramani kina na mahali pa kila kiungo na valvu, na alaze waya wa shaba juu ya bomba la maji likiwa la plastiki, maana plastiki iliyofukiwa haionekani kwa kifaa cha kutafutia chuma. Sharti hilo liandikwe katika mkataba, na malipo ya mwisho yazuiliwe hadi ramani ikabidhiwe.