Mwanangu, hizo ada usizilipe

Mwanangu Salim,

Sisi hatujambo, alhamdulillahi. Bibi yako kifua kimepungua na anakusalimu.

Ujumbe wako nimeusikiliza, na ile karatasi uliyoipiga picha nimeikuza nikaisoma mstari kwa mstari. Umepata nyumba ya chumba kimoja hapo Leeds, kodi pauni 850 kwa mwezi. Wakala anataka pauni 150 za kukuchunguza, 95 za kuandaa mkataba, 60 za kuorodhesha vitu vya ndani, 300 za kukushikilia nyumba, na dipoziti ya kodi ya mwezi mmoja na nusu. Kwa kuwa wewe ni mgeni, anataka pia kodi ya miezi sita mbele. Mwenzako wa wodini kakwambia lipa, kila mtu hulipa. Unaniuliza kama ndivyo.

Sivyo. Mwenzako anasimulia Uingereza ya zamani. Miaka yangu ya mwanzo pale Leicester hizo ada zilikuwepo kweli, na kila wakala alijipangia zake. Ukitaka fomu unalipa, akimpigia simu mwajiri wako unalipa, mwaka ukiisha akakuchapishia mkataba uleule kwa tarehe mpya unalipa tena. Mtu alihama nyumba tatu ndani ya miaka minne, kila mara anaacha mamia ya pauni mezani kwa watu wasiomfanyia yeye kazi yoyote. Maana wakala ameajiriwa na mwenye nyumba. Humtafutii kazi, humpangii bei, na ukigombana na mwenye nyumba hatakusimamia wewe. Novemba 2016 waziri wa fedha wa wakati ule, Philip Hammond, alitangaza kwamba ada hizo zitapigwa marufuku. Ilichukua miaka miwili na nusu, mawakala wakilia kwamba kodi zitapanda, mpaka sheria ikaanza kufanya kazi tarehe 1 Juni 2019. Inaitwa Tenant Fees Act 2019. Jina hilo liandike hivyohivyo utakapowajibu, usilitafsiri.

Uzuri wa sheria hii ni namna ilivyoandikwa. Wangeorodhesha ada zilizokatazwa, wakala angebuni jina jipya kesho yake asubuhi, ikawa ada ya "utawala" au ya "kukukaribisha". Wao waliorodhesha zile zinazoruhusiwa tu, na chochote kisichokuwemo ni haramu hata kiitweje. Kwa hiyo huna haja ya kubishana naye kuhusu maana ya "uchunguzi". Muulize swali moja kwa kila senti: hii iko wapi kwenye orodha?

Yaliyomo ni machache. Kodi yenyewe. Dipoziti, yenye kikomo. Fedha ya kushikilia nyumba, nayo ina kikomo. Wewe mwenyewe ukiomba mkataba ubadilishwe, kwa mfano umlete mwenzako mkae wote, anaweza kukutoza hadi pauni 50, au zaidi akithibitisha kwamba gharama halisi ilizidi hapo. Ukipoteza ufunguo unalipa gharama ya ufunguo, kwa risiti. Ukichelewesha kodi zaidi ya siku 14 anaweza kudai riba, isiyozidi asilimia 3 juu ya riba ya Benki Kuu ya Uingereza. Ukitaka mwenyewe kuondoka bila kutoa notisi inayotakiwa, hasara halisi utaibeba. Halafu bili zako: umeme, maji, intaneti, leseni ya televisheni na kodi ya halmashauri (council tax, si ile ya nyumba). Hii ya mwisho usiisahau kwenye hesabu zako, wageni wengi huwashtua. Lakini ukiishi peke yako unapunguziwa robo, uombe mwenyewe halmashauri ya Leeds kwa sababu punguzo haliji bila kuombwa.

Sasa turudi kwenye karatasi yako. Zile 150, 95 na 60 hazimo, zote tatu. Kukuchunguza ni kazi anayofanyiwa mwenye nyumba. Mkataba ni wao wanaoutaka kwa maandishi. Orodha ya vitu inawalinda wao kama inavyokulinda wewe. Hata ule ukaguzi wa viza, kuona kama una haki ya kupanga, sheria imewatwika wao na hawana ruhusa ya kukutoza. Hizo ni pauni 305 za kufuta kwa kalamu nyekundu.

Fedha ya kushikilia nyumba inaruhusiwa, ila isizidi kodi ya wiki moja. Na wiki haihesabiwi kwa kugawa mwezi kwa nne, hapo ndipo watu wanapopunjwa. Unachukua 850, unazidisha mara 12, unapata 10,200 kwa mwaka, unagawanya kwa 52. Inakuja pauni 196 na senti 15. Yeye kakuandikia 300. Dipoziti kikomo chake ni wiki tano kwa nyumba ambayo kodi yake ya mwaka haifiki pauni 50,000, na yako iko mbali sana na huko. Wiki tano ni pauni 980 na senti 76. Mwezi na nusu aliouandika ni 1,275. Umeona? Ukiongeza zile za haramu, hapo alikuwa anakuchomoa pauni mia saba na kitu kabla hujatundika pazia.

Kuhusu hiyo ya kushikilia nyumba nataka ukae nayo kidogo, maana ndiyo inayopotea kirahisi. Ukishailipa, wana siku 15 za kukamilisha mkataba, isipokuwa mkubaliane tarehe nyingine kwa maandishi. Mambo yakienda sawa, inarudi kwako au inahesabiwa ndani ya kodi ya kwanza au dipoziti. Wakighairi wao, wakurudishie ndani ya siku 7. Lakini wanaweza kuizuia ukighairi wewe, ukishindwa ukaguzi wa viza, ukikaa bila kuwajibu, au ukiwaambia uongo. Kwa hiyo fomu ikiuliza mshahara, andika ule wa kwenye barua ya hospitali, usijumlishe zamu za ziada ambazo hujazifanya. Na usilipe ya kushikilia nyumba mbili kwa pamoja eti utachagua baadaye. Wala usitume senti kwa nyumba ambayo hujaingia ukafungua bomba la maji. Huko matapeli wana picha nzuri kuliko wenye nyumba.

Miezi sita mbele. Hili nalijua lilivyokuumiza, kwa sababu linamgusa mgeni peke yake. Mzaliwa ana historia ya mikopo na mama mwenye nyumba wa kumdhamini. Wewe una mimi, niko Tanga na pensheni yangu. Wenzako wengi walikopa kwa ajili hiyo, wengine walilipa kampuni za udhamini. Bunge la Uingereza limeligusa katika sheria mpya ya wapangaji, Renters' Rights Act, iliyopitishwa Oktoba 2025. Kwa mikataba ya kuanzia 1 Mei 2026, na wako umo humo, hawaruhusiwi kudai kodi yoyote kabla mkataba haujasainiwa, na ukishasainiwa hawawezi kutaka zaidi ya mwezi mmoja kabla ya kuanza kukaa. Sheria hiyohiyo inawakataza kupokea zaidi ya bei waliyoitangaza, kwa hiyo akikupigia simu kwamba kuna mtu kafika 900, mwache huyo mtu na 900 yake. Mdhamini bado wanaweza kuomba, hilo si kosa. Ila kukulazimisha ununue udhamini kwa kampuni fulani hawawezi. Waambie barua ya mwajiri wako ipo, na waulize kama inatosha. Hospitali ya umma si mwajiri wa kutiliwa shaka.

Baba yako alipoisoma karatasi yako alicheka, akasema mbona kwetu dalali anachukua kodi ya mwezi mzima na hakuna anayemshtaki. Ni kweli. Binamu yako alipopanga Sinza alilipa hela ya kuzungushwa kuona vyumba, akalipa kodi ya miezi sita, akamlipa dalali mwezi wa saba. Mimi siitetei desturi ile. Lakini nikilinganisha, dalali wetu anapita juani na wewe, anakwambia mtaa upi unafurika masika, na mwenye nyumba mara nyingi hamlipi kitu. Yule wa Leeds analipwa asilimia yake na mwenye nyumba kila mwezi, halafu anakuja kwako kuomba tena kwa kazi ileile. Kulipwa mara mbili ndiko kulikokatazwa, na mimi naona walifanya haki. Wanaosema kwamba ada zimehamia tu ndani ya kodi huenda wana hoja, sikatai. Hata hivyo kodi inaandikwa kwenye tangazo, unaiona ukiwa kitandani na simu yako, unaweza kuifananisha na ya nyumba ya jirani. Ada ya 150 ulikuwa unaikuta ukiwa tayari umeaga ulikotoka.

Ujanja mmoja uuangalie: kuna wanaopandisha kodi ya mwezi wa kwanza, wanakwambia mwezi wa kwanza 1,150 halafu 850 kuendelea. Hiyo ni ada iliyovaa kanzu. Sheria iliiona mapema, na ile ziada ni haramu vilevile.

Waandikie leo, kwa barua pepe, si kwa simu. Adabu iwepo, ukali usiwepo. Sema unaipenda nyumba na uko tayari kulipa 196.15 za kuishikilia na dipoziti ya 980.76, kisha waombe wakuoneshe kila malipo mengine yanaruhusiwa na kifungu gani cha Tenant Fees Act 2019. Uulize pia wako katika mfumo upi wa malalamiko, kwa sababu kila wakala Uingereza analazimika kujiunga na mmoja, na fedha za wateja wameziwekea bima kwa nani. Mara nyingi barua ya namna hiyo inatosha. Utajibiwa kwamba ile karatasi ilikuwa ya zamani, samahani. Pokea samahani yao.

Wakikaza, West Yorkshire Trading Standards, ofisi ya serikali za mitaa inayolinda wateja, ndio wenye meno. Sheria ya 2019 iliweka faini ya hadi pauni 5,000 kwa kosa la kwanza, na hadi 30,000 au kushtakiwa kwa anayerudia ndani ya miaka mitano. Fedha uliyokwisha kulipa kinyume cha sheria unaweza kuidai katika baraza linaloitwa First-tier Tribunal, na shirika la Shelter linatoa ushauri bure kwa simu. Najua utaniambia, mama, nyumba ni chache, nikibisha wataipa kwa mwingine. Wanaweza. Ikifikia hapo na hospitali imekukatalia kuongeza wiki kwenye makazi yao, basi lipa, weka risiti yenye jina la kila ada, chukua funguo, kisha dai chako ukiwa ndani. Kulipa hakuhalalishi walichokitoza.

Ukishaingia, dipoziti lazima waiweke katika moja ya mifuko mitatu iliyoidhinishwa na serikali ndani ya siku 30, na wakupe maelezo ya mfuko gani. Weka tarehe kwenye simu. Wasipofanya, mahakama inaweza kuwaamuru wakulipe kati ya mara moja na mara tatu ya dipoziti yenyewe. Siku ya kwanza piga picha kila kona, ndani ya oveni, nyuma ya mlango wa bafu, zulia penye doa, halafu zitume kwao kwa barua pepe siku hiyohiyo. Watakapodai hela ya usafi siku ya kutoka, hawana haki ya kukulazimisha ulipe kampuni ya usafi. Wajibu wako ni kuirudisha ilivyokuwa, na picha ndizo zitakazosema ilikuwaje.

Haya yote ni ya England. Yule Mariamu wenu aliyepata kazi Glasgow asifuate hesabu zangu za wiki tano, Scotland wana sheria yao na ada hizo walizifunga mapema zaidi, mwisho wa dipoziti ni kodi ya miezi miwili. Wales nao wana yao, ya Septemba 2019.

Jibu lao likija, nitumie kabla hujatia sahihi popote, pamoja na kurasa zote za mkataba, si ule wa kwanza tu. Na uniambie kama hita ni ya gesi au ya umeme, maana kama ni ya umeme, ukijumlisha bili nyumba hiyo inaweza isiwe ya pauni 850.

Mama yako