Maswali ya wasomaji: Battle.net, bando na akaunti yako

Toleo lililopita niliigusia kidogo tu Battle.net, ile programu ya kampuni ya Blizzard inayobeba magemu yao kwenye kompyuta, basi meseji zimemiminika mpaka nikashangaa kumbe tuko wengi hivi. Nimechukua nne maana ndo zinazojirudia sana.

Shikamoo mhariri. Mi nilitaka Hearthstone tu, lile gemu la karata, nimeambiwa ni la bure. Nikabonyeza kushusha kikaja kifaili kidogo, kukifungua kikaanza kushusha kitu kingine kinaitwa Battle.net, kikaweka na alama kwenye deskitopu, halafu kinataka nifungue akaunti. Nimepigwa virusi au? – Mwanafunzi, Morogoro

Marahaba mdogo wangu. Hapana, hujapigwa kitu, ilimradi ulikitoa kwenye tovuti ya Blizzard wenyewe na sio kwenye link ya grupu la WhatsApp. Hiyo ni lancha, yaani mlango mmoja wa kuingilia magemu yao yote, bila hiyo Hearthstone ya kompyuta haishuki wala haijiapdeti.

Jina Battle.net lenyewe ni la zamani kuliko wewe. Lilianza mwishoni mwa 1996 pamoja na gemu la kwanza la Diablo, na enzi hizo haikuwa programu ya peke yake, ilikuwa huduma iliyomo ndani ya gemu, unafungua Diablo unachagua kucheza na watu unakutana nao humo humo, na StarCraft ya 1998 ikafanya hivyo hivyo. Baadaye ikaja World of Warcraft 2004 na lancha yake, StarCraft II 2010 na yake, Diablo III 2012 na yake, kwa hiyo mtu mwenye magemu matatu ana lancha tatu, kila moja inajiapdeti kivyake na ukitaka kuhama gemu unaanza kulogini upya. 2013 ndo wakaziunganisha: akaunti moja, marafiki wale wale, chati moja, na gemu unaloweka unalikuta kwenye safu moja pamoja na mengine. Mimi nilizicheza za kabla ya hapo na naisifu hii kwa moyo wote, hasa ile ya kumwona rafiki yupo Diablo wakati wewe uko StarCraft na mkaongea tu.

Mengine ya bure humo ndani: Overwatch, Heroes of the Storm, na kampeni ya kwanza ya StarCraft II (yaani hadithi unayoicheza peke yako) iliyoachiwa bure Novemba 2017. Hiyo ya mwisho ijaribu, haichagui sana mashine.

Mimi ni mama wa vijana wawili. Juzi nimenunua bando la mwezi Jumapili, Jumanne limekwisha na wanaapa hawajacheza! Laptopu ilikuwa imewashwa tu mezani. Nimewafokea lakini sasa nashindwa kulala nikiwaza labda niliwaonea. – Mama K, Kisauni, Mombasa

Pole sana mama, na kwa kweli inawezekana kabisa vijana wanasema kweli. Hili ndo swali lililonifanya nitenge kurasa hizi, kwa sababu programu za aina hii zimetengenezwa na watu ambao intaneti yao inalipiwa kwa mwezi na haihesabiwi, hawakumfikiria mtu anayenunua GB kwa simu na kuwashia watoto hotspoti.

Kinachotokea ni hivi. Ukiweka Battle.net kuna kisehemu kidogo kinachofanya kazi nyuma ya pazia, kinaitwa Agent, kazi yake ni kuangalia kama kuna apdeti na kuishusha. Ukibonyeza ile alama ya X mara nyingi programu haifi, inajificha tu kule chini pembeni ya saa, na kompyuta ikiwashwa inaweza kujiwasha nayo. Sasa siku ambayo gemu kubwa limetoa sehemu mpya, inashusha yenyewe hata kama hakuna mtu aliyekaa kwenye kiti.

Kaeni wote watatu mbele ya laptopu, fungueni mipangilio. Kwanza toeni tiki kwenye ile ya kuwasha programu kompyuta inapowashwa, na pale inapouliza X ifanye nini chagueni izime kabisa. Kisha ingieni sehemu ya kushusha, kuna tiki mbili za hatari: moja inaweka apdeti mpya za magemu yaliyochezwa karibuni, nyingine inashusha mapema data za apdeti ambayo haijatoka bado. Hiyo ya pili ndo inaniuma zaidi maana unalipia kitu ambacho leo hata hukitumii. Toeni zote mbili. Hapo hapo mtaona pa kuweka kikomo cha spidi, wengi wanadhani kinaokoa bando, hapana mama, GB 10 ni GB 10 hata zikishuka polepole, kile kinasaidia tu wengine nyumbani wasikwame wakati inashusha.

Na kuna njia ambayo vijana wako wataipenda. Kama kuna rafiki yao ambaye tayari analo gemu, wanakili folda nzima kwenye diski ya nje, wanaileta nyumbani, wanaiweka kwenye laptopu, halafu badala ya kubonyeza kuinstoli wanachagua pale chini panaposema gemu lipo tayari, wanaionyesha programu folda ilipo. Itakagua faili moja moja na kushusha kile tu kilichopungua au kilichopitwa na wakati. Hakuna wizi hapo, anayeruhusu kucheza ni akaunti na sio faili. Na gemu likiharibika siku moja wasikimbilie kulifuta na kulishusha upya, kwenye alama ya gia pembeni ya kitufe cha kucheza kuna Scan and Repair, inafanya kazi ile ile ya kukagua na kurekebisha.

Na kwa heshima zote mama, kama uliwafokea bure waambie, wataelewa.

Mzee habari za huko. Niko Muscat, nacheza tangu enzi za gemu la Destiny 2 liko Battle.net, likahamia Steam, ile lancha na duka la magemu la kampuni nyingine, sasa naona na Overwatch na Diablo IV zipo Steam pia. Je nifute Battle.net nibaki na Steam tu? – Msomaji, Oman

Nzuri kaka. Ukibaki na Steam akaunti ya Battle.net bado unaihitaji, Overwatch ilipoingia Steam Agosti 2023 na Diablo IV Oktoba ya mwaka huo huo zote zinataka uunganishe. Halafu gemu ulilolinunua Battle.net halihami lenyewe kwenda Steam, Diablo IV uliyoilipia kule ukiitaka Steam unailipia tena. Destiny 2 ilikuwa kesi ya peke yake: Bungie, waliolitengeneza, waliachana na Activision, kampuni ndugu ya Blizzard iliyokuwa ikiwauzia, mwanzoni mwa 2019, Oktoba wakalihamisha gemu na wachezaji wakahamishiwa vitu vyao. Kwa hiyo baki na ulipolipia.

Broo naandika kwa uchungu. Nilinunua akaunti ya World of Warcraft kwa jamaa niliyekutana naye saiba, ina karakta kali sana, nimemtumia hela kwa M-Pesa, wiki ya pili paswedi imekataa. Namba yake haipatikani. Nawezaje kuirudisha? – Mwanza

Ndugu yangu, hiyo hairudi, na nasema hivi nikijua inavyouma, binamu yangu yalimkuta hayo hayo na alikaa mwezi mzima hataki hata kugusa kompyuta. Masharti ya Blizzard hayaruhusu kuuza wala kununua akaunti, na aliyeifungua akiwa na jina lake, imeili yake ya mwanzo na risiti zake anawaandikia wasaidizi anarudishiwa. Wewe ukiandika utakuwa unajishtaki.

Fungua yako, World of Warcraft unaicheza bure mpaka levo ya 20. Saiba ondoa ile tiki ya kubaki umelogini kabla hujaandika paswedi. Kisha weka app ya Battle.net kwenye simu uwashe Authenticator, mtu akijaribu kuingia simu yako inauliza kwanza ni wewe. Ukiiwasha utapewa namba na code ya kuirejesha, ziandike kwenye karatasi uiweke nyumbani, usizipige picha ukaziacha kwenye simu hiyo hiyo, maana siku ikichomolewa kwenye daladala vyote vinaondoka pamoja.