Unaenda Phoenix Julai na singlendi tano? Subiri kwanza

Mkuu, nimesoma orodha yako ya safari mpaka bega likaanza kuniwasha. Singlendi tano, pensi tatu, ndala, eti "jangwani nguo chache ndiyo raha". Orodha hiyo hiyo niliibeba mimi Julai 2023, kipindi ambacho Phoenix, jiji hilo la jangwani kule Arizona, Marekani, lilipiga nyuzi 43 na zaidi siku 31 mfululizo. Kwa kuchagua tarehe nina kipaji.

Aliyeniponza ni shemeji. Nilimuuliza kuhusu mafuta ya kujikinga na jua, akacheka: "Sisi ngozi yetu haiungui, hayo ni mambo ya wazungu." Alisema kwa uhakika wa mtu aliyezaliwa Arizona, kumbe hata uwanja wake wa ndege hajaukanyaga. Na mimi mtu mzima, mwenye akili zangu, nikamwamini!

Siku ya pili nikatoka hotelini saa sita mchana kwa miguu, mabega nje, na kachupa ka maji ka nusu lita. Mimi joto ninalolijua ni lile la shati kugandana na mgongo. Kule hewa ni kavu, jasho linakauka kabla hujaliona. Nikajigusa kwapa: pakavu. Nikajisemea, mbona joto lenyewe la kawaida tu? Ila mkanda wa begi ulikuwa umeota chumvi nyeupe, na sikujiuliza imetoka wapi. Ni maji ya mwilini mwangu yalikuwa yanaondoka kimyakimya.

Baada ya kama dakika arobaini kichwa kikaanza kugonga, magoti yakalegea. Nikaona benchi la chuma, nikakaa. Na pensi. Mkuu, niliruka kama chapati inayogeuzwa. Katika kuruka huko ndala moja ikachomoka, unyayo ukatua kwenye lami. Sitaki hata kuendelea.

Nilimalizia siku kwenye dripu. Usiku mabega yakatoa malengelenge, na wiki nzima nililala kifudifudi ngozi ikibanduka vipande. Bili ilizidi tiketi ya ndege. Shemeji alituma pole na kikatuni cha jua linalocheka.

Kwa hiyo shika hili: FUNIKA NGOZI. Shati la mikono mirefu, jepesi na pana, suruali inayopwaya, pama ya kufunika hadi shingo, viatu vya kufunika mguu. Jua likipiga kitambaa, halijakupiga wewe, na upepo unaopita katikati ndio unaokausha jasho na kukupoza. Mabedui, wale Waarabu wa jangwani, hawavai majoho marefu kwa kukosa fundi wa kukata pensi. Mwaka 1980 jarida la sayansi la Nature lilichapisha utafiti kuhusu majoho yao meusi: joto lililofika mwilini lilikuwa sawa na la joho jeupe, kwa sababu lile la ziada linalonyonywa na kitambaa cheusi lilipotea kabla ya kugusa ngozi. Mimi kwangu upana unatangulia, rangi baadaye. Jinzi ya kubana iache nyumbani hata ikiwa nyeupe pee.

Mafuta ya jua pakaa usoni, masikioni na nyuma ya mikono, weusi wako ukiwa wa kiwango chochote. Weusi unasaidia kiasi, lakini si mwavuli. Na maji kunywa kabla ya kiu.

Umeuliza pia kuhusu sweta: ndani ya majengo viyoyozi vinagandisha watu, na shati lile lile la mikono mirefu litakufaa. Unaona lilivyo na kazi?

Uliuliza na mengine, sijui begi la ukubwa gani, sijui chakula cha jioni uvae nini. Toa kwanza hizo singlendi kwenye begi, hayo tutayaongea. Moja unaweza kubaki nayo, ya kulalia.